Uzoefu wangu na skrini ya nukta za kwanta hapa Kigoma

Siipendekezi skrini hii kwa mtu yeyote anayefanya kazi karibu na Ziwa Tanganyika, na ninaandika hivyo nikiwa na hasira ambayo haijapoa tangu masika yaliyopita. Nina studio ya picha upande wa Mwanga. Kazi yangu kubwa ni harusi, na kwenye harusi rangi ndiyo kila kitu. Wanakamati walioshona sare za damu ya mzee hawatakubali kuletewa albamu ambayo kitenge chao kimegeuka rangi ya chungwa. Kwa sababu hiyo nilijikamua nikanunua skrini ya bei, ile iliyoandikwa kwenye boksi lake kwamba ina nukta za kwanta, yaani chembe ndogo mno zinazogeuza rangi ya mwanga.

Mvua zilipokolea, ukingo wa kushoto ulianza kuonyesha mstari wa bluu. Mwanzoni ulikuwa mwembamba, baadaye ukafikia upana wa ukucha, kisha na ukingo wa kulia ukafuata. Bibi harusi akiwa katikati ya picha, shela lake ni jeupe. Nikimsogeza pembeni, shela linakuwa la bluu. Nimeshindwa kuelewa kazi ya rangi itafanyikaje kwenye chombo kinachobadilisha rangi ya nguo kutegemea mahali aliposimama aliyeivaa.

Nilifundisha kemia sekondari kabla ya kufungua studio, kwa hiyo sikukubali kuambiwa kwamba ni hali ya kawaida. Ndani ya skrini ya aina hii taa za nyuma hutoa mwanga wa bluu peke yake, wa takriban nanomita 450 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mbele yake kuna utando wenye chembe za kipenyo cha nanomita chache tu. Zilizo ndogo zaidi humeza bluu na kutoa kijani, na zilizo kubwa kidogo hutoa nyekundu. Bluu inayobaki ikichanganyika na hizo mbili, jicho huona nyeupe. Chembe zikifa mahali fulani, mwanga wa bluu hupita pale kama ulivyo. Kinachoziua kinajulikana: oksijeni na unyevu, na joto huharakisha mambo. Ndiyo maana utando hulazwa kati ya karatasi mbili za kuzuia hewa. Lakini karatasi hizo hulinda juu na chini tu. Utando ukishakatwa kutoka kwenye roli kubwa, ubavu wake hubaki wazi, kama kitenge kilichokatwa kisipindwe.

Fundi mmoja wa Mwanga, kijana mwenye adabu na mkono mwepesi, aliifungua mbele yangu. Alitoa utando, akaushika juu ya taa zikiwa zinawaka. Katikati palielekea weupe. Pembezoni palikuwa bluu tupu, na tulipozima taa tukaona kwamba ile rangi ya manjano ya utando imepauka palepale ilipokuwa bluu, mstari kwa mstari. Hakukuwa na alama ya maji wala kutu kwenye fremu. Alisema neno moja tu: “Imeliwa kutoka ubavuni, mama.”

Hapo ndipo ninapowalaumu waliochanganya malighafi, maana hili si jambo lisilo na dawa. Chembe zinaweza kuvikwa ganda nene zaidi, rezini, yaani gundi inayozishika, inaweza kuchaguliwa isiyopitisha hewa kirahisi, na kingo zinaweza kuzibwa. Ninajua kwamba kazi hiyo ni ngumu. Mimi mwenyewe natumia printa ya matone kila siku na ninajua pua zake za kurushia wino zikiziba ni balaa gani. Wanaochapisha nukta hizi kwa wino wana mtihani mkubwa kuliko wangu. Wino wao unatakiwa uwe na mnato wa takriban mara kumi ya maji ili urushwe vizuri, lakini wakati huohuo uwe umejaa nukta za kutosha ili tabaka la maikromita kumi hivi limeze bluu yote. Wakiongeza nukta, wino unakuwa mzito na chembe huanza kushikana. Wakipunguza, bluu inavuja. Huongeza titani dioksidi, unga mweupe, ili mwanga utawanyike na kukutana na nukta nyingi zaidi kabla haujatoka, kisha hukausha tabaka kwa mwanga wa urujuanimno bila kuziunguza nukta zenyewe. Katika skrini za namna hiyo, zilizoingia sokoni mwaka 2022, tabaka hilo hufungwa ndani ya kioo. Watu wanaoweza hayo wanashindwaje kuziba ubavu wa utando?

Na hata hivyo lazima niseme ukweli kuhusu rangi. Sijawahi kuona wekundu kama ule. Kabla ya mvua, nilipoweka kitenge chenyewe mezani na picha yake kwenye skrini, mteja alinyamaza akawa anaangalia huku na huku, na mimi pia. Watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa ajili ya nukta hizi, Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov, waliistahili kabisa. Nikiifikiria ile damu ya mzee, karibu niseme kwamba ningeinunua tena.

Lakini nikikumbuka dukani, nabadilisha kauli. Nilikwenda na picha za kingo na risiti mkononi, waranti ikiwa bado hai. Kijana wa mauzo hakunisalimia. Alitazama picha moja, akarudi kwenye simu yake, akasema, “Mama, pembeni pale nani anaangalia?” Nikamwambia, “Mwanangu, mimi ndiye ninayeangalia, na ndiyo kazi yangu.” Akajibu kwamba watu wa ziwani tunaweka vitu kwenye unyevu halafu tunalalamika. Basi kama unyevu wa Kigoma ni kosa, mbona waliileta Kigoma kuiuza? Ningeweza kuvumilia utando mbovu, kwa kuwa kila kiwanda kina toleo baya. Kudharauliwa na mtu aliyepokea hela yangu sikuweza kukuvumilia, na hadi leo hawajanipigia simu kama walivyoahidi.

Kwa anayeishi Dodoma au sehemu nyingine kavu, pengine inafaa. Aulize kwanza kama kingo za utando zimezibwa, na jibu liandikwe kwenye risiti. Kwa sasa natumia sehemu ya katikati tu kurekebisha rangi, na naipa nyota mbili, zote za wekundu wake. Wakinibadilishia utando nitaongeza ya tatu kwa skrini, ila duka lenyewe halitapata hata moja.