Safari ya siku moja Marangu: mlima haukuonekana, na kampuni ingeweza kutueleza mapema

Kampuni ya utalii ya Moshi iliyotupeleka katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo sitaitaja jina, inauza safari hii kwa picha ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro, kikiwa na theluji chini ya anga safi. Sisi tulikwenda wakati wa masika, na tangu langoni Marangu hadi Mandara, kituo cha vibanda vya wapanda mlima penye mwinuko wa takriban mita 2,700, hatukuona Kibo wala Mawenzi, kilele cha pili kwa urefu.

Wingu si kosa la mtu yeyote. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya kusini na mashariki, hupoa kadiri unavyopaa, na mvuke wake hugeuka mawingu. Ndiyo maana upande huo una msitu mnene. Lakini wenyeji wa Moshi na Marangu wanajua kwamba mlima hujifunua zaidi alfajiri, kabla jua halijapasha moto miteremko na kuyainua mawingu. Kampuni inayofanya kazi hapo kila siku haina sababu ya kuwachukua wageni hotelini saa tatu asubuhi, kisha kusubiri tena langoni taratibu za malipo na usajili, ilhali matembezi ya kupanda peke yake huchukua kama saa tatu. Tulipofika Kasoko ya Maundi, umbali mfupi kutoka Mandara, mahali ambapo siku ya uangavu mtu huona hadi Ziwa Chala mpakani na Kenya, tulisimama ukingoni tukitazama ukungu mtupu. Niliumia, kwa sababu mama yangu alikuwa ametamani mandhari hiyo kwa miaka mingi.

Mwongozaji wetu, hata hivyo, anastahili sifa zote. Alipoona mawingu hayaondoki, alipunguza mwendo na kutuonyesha msitu wenyewe: mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe, kima waliokaribia njia bila woga, ua dogo jekundu na njano liitwalo kitaalamu Impatiens kilimanjari, ambalo huota katika mlima huu tu, na miti iliyofunikwa kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) ndefu zinazoning'inia kama ndevu za mzee. Alimshika mama mkono kila penye utelezi. Chakula cha mchana kilikuwa cha kutosha, ingawa kilikuwa kimepoa. Makoti ya mvua tuliyoazimwa yalivuja mabegani.

Msitu huo unatosha kuwa sababu ya safari, nao hupendeza hata kwenye ukungu. Kwa hiyo nimewaandikia wenye kampuni nikiwaomba waondoke Moshi saa kumi na mbili asubuhi, wamweleze mteja hali ya masika kabla hajalipa, na wauze matembezi haya kwa picha za msitu badala ya kilele. Anayetaka hasa kukiona Kibo aende Januari au Februari, na alale Marangu usiku wa kuamkia safari.