Nimeiangalia Pumzi usiku nikisubiri maji ya mgao

Basi juzi zamu ya kusubiri maji ilikuwa yangu, na kwetu yanakujaga saa nane usiku kama mwizi, nikaona bora niangalie kitu kifupi nisije nikasinzia. Nikaweka Pumzi, ile muvi ya mwongozaji Wanuri Kahiu wa Kenya ya 2009, dakika 20 na kitu tu. Sikujua kabisa kama inahusu maji, ningejua ningeweka vichekesho 😂

Stori ni miaka 35 baada ya vita ya tatu ya dunia, vita ya kugombea maji, na waliobaki huku Afrika Mashariki wamejifungia ndani ya makazi yao, nje wanaambiwa kumekufa. Mkojo unachujwa unarudi kwenye chupa, umeme wanatengeneza wenyewe kwa kukimbia kwenye mashine kama za jimu. Kuna dada anaitwa Asha, anatunza makumbusho ya mimea na wanyama waliokwisha, siku moja analetewa udongo ambao haujulikani umetoka kwa nani, anaunusa, anapanda mbegu ya zamani, inaota. Anaomba ruhusa ya kutoka, wakubwa wanamkatalia.

Jangwa halijanitisha. Kilichonitisha ni ukimya wa humo ndani. Watu wapo, wanapishana, ila midomo haifunguki, anayetaka kusema kitu kompyuta ndio inamsemea, yaani Asha anabishana na wale wakubwa uso mkavu kabisa, sauti inatoka kwenye mashine. Hata ndoto hawaruhusiwi, akiota tu anaambiwa ameze dawa. Muvi za mtu kabaki peke yake duniani anatembea mjini hakuna hata kuku nimeziona nyingi, nimezizoea. Hii ya upweke katikati ya watu imenikaa vibaya, maana hapa nyumbani tuko watano na jioni kila mtu yuko na simu yake.

Ndio maana ile sehemu ya chooni nimeirudia mara mbili. Kuna dada msafishaji, Asha anamgawia maji yake kidogo. Hawaongei kitu. Ni maji ya kulowesha koo tu lakini huyo huyo ndio anakuja kumsaidia baadae, na mimi hapo bomba likaanza kukohoa nikakimbia na ndoo, narudi nakuta simu imejizima.

Kilichoniudhi: jina Kiswahili safi, halafu lugha Kiingereza mwanzo mwisho. Kikuyu kidogo kipo, ile mbegu chupa yake imeandikwa Maitu, yaani mama, ila Kiswahili kimeishia kwenye jina. Pia picha za jangwa zimepigwa Afrika Kusini, sio kosa, ila mimi nilitegemea kuona Turkana. Na ni fupi mno, Asha anatoka nje ndio kwanza unakaa vizuri, inaisha. Mwisho wenyewe siusemi, kamera inapanda juu taratibu, hapo vaa hedifoni.

Asubuhi nikamwonyesha mama. Akatulia muda wote, nikajua imemgusa, kumbe anahesabu matone, ilipoisha akasema huyo binti jua lote lile katoka na kichupa kimoja tu, si angebeba hata dumu la lita tano?