Kuhamia LED kwenye tangi la matumbawe: taa ya kununua kwanza na ya kuacha dukani

Anayetoka kwenye taa ya metali halaidi (balbu yenye mwanga mkali na joto jingi) ya wati 250 huuliza karibu kila mara: "LED ya wati ngapi inatosha?" Swali hilo limewapeleka wengi pabaya. Wati zinakueleza taa inakula umeme kiasi gani, basi. Hazikuambii mwanga unatua wapi, na LED nyingi zinafeli hapo hapo.

Matumbawe mengi tunayofuga hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwa zuzantela, mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake na kutengeneza sukari kwa mwanga. Mwani huo hupenda hasa bluu, kati ya nanomita 400 na 500. LED hutoa bluu hiyo moja kwa moja, ilhali halaidi hugawa nguvu zake kwenye rangi zote na joto jingi linaishia majini. Kwa hiyo upande wa rangi, LED yoyote ya maana imeshashinda. Balbu za halaidi na mirija ya T5 (taa nyembamba za fluoresenti) hubadilishwa takriban kila mwaka kwa sababu rangi yake huharibika kabla hazijaungua. Diodi za LED, yaani vipande vidogo vinavyotoa mwanga, hukadiriwa kudumu saa 50,000, ambazo kwa saa 10 kwa siku ni zaidi ya miaka 13. Hesabu hiyo lakini ni ya diodi tu. Feni ikila chumvi miaka mitatu, taa nzima inaweza kuzimika huku diodi zikiwa salama, kwa hiyo uliza mapema kama feni inauzwa peke yake.

Shida ya LED ni kivuli. Halaidi ilikuwa na kiakisi kipana kilichorusha mwanga kutoka kila upande. LED nyingi ni kidonge kimoja kidogo juu ya maji, na kila kilicho chini yake hutupa kivuli kikali. Angalia tawi la Acropora, tumbawe gumu lenye matawi, chini ya taa ya aina hiyo: juu zambarau safi, ubavuni kahawia, na kwenye tumbo la tawi nyama imeachia, mfupa mweupe uko wazi. Mwenye tangi atalaumu maji. Atapima fosfeti wiki nzima.

Ndiyo maana kwenye orodha hii nimetanguliza mtawanyo, nguvu baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa paneli pana, ambayo diodi zake zimetandazwa kwenye eneo kubwa chini ya kioo kinachosambaza mwanga. Philips CoralCare ilijengwa kwa wazo hili, na mtu aliyezoea T5 ataona vivuli laini vilevile. Haina yale mawimbi ya mwanga yanayochezacheza mchangani, na wapo wanaoyakosa. Mimi ningeyaacha yaende, mradi matawi yangu yawe hai hadi chini.

Ya pili ni mseto: mirija ya T5 pembeni, LED katikati, mfano zile za kampuni ya ATI. Kwa kukuza matumbawe ya polipu ndogo (polipu ni kimnyama kimoja cha tumbawe), kama Acropora, ingeweza hata kuwa ya kwanza, ila bado utanunua mirija kila mwaka na boksi lenyewe ni kubwa. Kama tayari una T5 yenye viakisi vizuri, usiitupe. Ongeza fito mbili za LED ya bluu na utakuwa umefika karibu kabisa na nafasi hii kwa pesa kidogo.

Ya tatu ni taa za vishada, yaani zenye diodi zilizokusanywa pamoja, EcoTech Radion na AI Hydra zikiwa maarufu zaidi. Hizi ndizo watu wengi wananunua, na kwa uwezo wa kupanga rangi na saa hazina mpinzani wa karibu. (Programu ya kuiga radi ni ya kufurahisha wageni, matumbawe hayajali.) Tatizo ni idadi. Tangi la sentimita 120 hupewa taa moja yenye nguvu katikati, wakati lingefaidika zaidi na mbili au tatu ndogo zinazopishanisha mwanga wake. Bajeti ikibana, chagua ndogo mbili, uziendeshe kwa nguvu ya wastani.

Ya nne ni taa ya doa moja, mithili ya Kessil A360X ya wati 90. Mwanga wake majini ni mzuri mno, na kwa tangi dogo la mchemraba lenye matumbawe laini inatosha kabisa. Kwa bustani ya Acropora iliyojaa matawi, hapana.

Ya tano ni boksi nyeusi za bei rahisi, zenye vitufe viwili, bluu na nyeupe. Zinakuza matumbawe, tusizisingizie ubaya. Lenzi zake nyembamba ndizo huchoma katikati na kuacha pembe gizani, kwa hiyo ining'inize juu zaidi ya ulivyokusudia na uanze kwa nguvu ndogo sana. Hakikisha pia ina waya wa ardhi.

Mwisho kabisa ni balbu na mirija ya LED ya nyumbani inayochomekwa kwenye fremu ya zamani. Mwanga wake umeelemea manjano na kijani, balasti ya zamani (kifaa kinachodhibiti umeme wa mirija) huenda isikubaliane nayo, na haijatengenezwa kukaa juu ya mvuke wa chumvi.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji ramani ya PAR, yaani kiasi cha mwanga unaoweza kutumiwa na mwani, kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde, ikionyesha tangi zima. Usikubali namba ya katikati peke yake. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150, yale ya polipu kubwa kama Euphyllia 80 hadi 200, na ya polipu ndogo 200 hadi 350. Taa inayotoa 500 katikati na 80 pembeni ni mbaya kuliko inayotoa 250 na 180. Usipime kwa simu: simu husoma luksi, ambazo zimepangwa kufuata jicho la binadamu, na jicho letu huiona bluu hafifu. Azima kipimo cha PAR kinachosoma bluu vizuri.

Jicho hilohilo ndilo huua matumbawe wiki ya kwanza. LED ya bluu inaonekana imefifia, mwenye tangi anaipandisha, na siku chache baadaye kila kitu kimepauka. Pima PAR chini ya taa ya zamani kabla ya kuiondoa, anza LED chini kidogo ya hapo, kisha panda polepole kwa wiki 4 hadi 8. Usipokuwa na kipimo, anza asilimia 30 ya nguvu ya taa.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye boksi la taa. Halaidi ikiondoka, joto lake linaondoka nayo, na hita iliyokuwa imepumzika miaka yote inaanza kazi. Angalia kama wati zake zinatosha tangi lako. Maji yanayopotea kwa mvuke nayo hupungua, kwa hiyo unajazia kidogo kuliko awali. Kama unaweka maji ya chokaa kupitia maji ya kujazia, tangi sasa linapata kalsiamu na alkali pungufu bila wewe kugusa kitu. Pima alkali kila baada ya siku mbili kwa mwezi wa kwanza, na upungufu uongeze kwa dozi ya pembeni.