Muuaji mwenye majuto: asimulie mwenyewe au asimuliwe?
Kwa riwaya fupi ya kifantasia yenye giza, maneno 20,000 hadi 40,000, nafsi ya kwanza ina nguvu zaidi. Mvuvi wa Dunga, Kisumu, akisema "nilimzamisha", jachien, mzuka wa marehemu anayerudi kulipiza katika imani ya Waluo, hubaki kati ya uchawi na wazimu: karabai ya kuvutia omena (dagaa) inazimika, na msomaji hajui ni upepo au ni mzuka. Hatari ni kulialia. Majuto yakitajwa kila ukurasa, msomaji hufa ganzi. Yaonyeshe mikononi, vidole vimeshindwa kufunga fundo la wavu. Nafsi ya tatu hufaa kijiji kikitakiwa kujua jambo kabla ya muuaji mwenyewe, ila hofu hupoa.