Uzoefu wangu: Kilomita 109 za Cape Town Cycle Tour nikiwa na Baba

Tangu turudi, ndugu na wafanyakazi wenzangu wananiuliza swali lile lile: mashindano ya baiskeli ya Cape Town Cycle Tour, kule Afrika Kusini, yanamfaa mtu wa kawaida ambaye si mwanamichezo, tena aliyefuatana na mzazi wake? Yanamfaa, na sababu kubwa ni kwamba barabara zinafungwa. Kilomita zote 109 hakuna lori, hakuna daladala, hakuna bodaboda. Anayeendesha baiskeli Tanzania anaelewa uzito wa jambo hilo. Barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, anakofanyia mazoezi Baba, mnakwenda mmoja mbele mmoja nyuma, masikio yote yako kwa basi linalokuja, na likipiga honi mnashuka kwenye vumbi. Hamuwezi kuzungumza. Cape Town niliendesha sambamba na Baba tangu asubuhi hadi alasiri, tukipiga stori kama watu waliokaa kibarazani. Kwangu mimi hicho ndicho nilicholipia, na ningelipa tena.

Kwa wasioyajua: hufanyika Jumapili ya pili ya mwezi Machi. Yalianza mwaka 1978 kama njia ya waendesha baiskeli wa Cape Town kudai njia zao barabarani, na mwaka ule walijiandikisha watu 525. Leo huingia makumi ya maelfu. Wenyeji wengi bado wanayaita Argus, jina la gazeti lililokuwa likiyadhamini. Mapato yanakwenda kwenye kazi za hisani kupitia chama cha waendesha baiskeli cha Pedal Power Association na klabu ya Rotary ya Claremont, ambao ndio wenye mashindano. Mwendo unapimwa kwa kifaa kidogo, lakini sehemu kubwa ya watu hawashindani na mtu. Unapewa masaa 7. Nimeona akina mama wa makamo, mabinti na baba zao, watu waliovaa mavazi ya kuchekesha, na wazee wa miaka mingi kuliko Baba.

Baba ni mwalimu mstaafu wa Baiolojia, ameshavuka miaka sitini. Maisha yake yote ameendesha Phoenix, ile nyeusi nzito yenye keria ya chuma, na ndiyo niliyojifunzia mimi kwa tobo, mguu ukipita katikati ya fremu kwa sababu siti sikuifikia. Baiskeli ya gia nyingi alikuwa hajawahi kuipanda. Kabla ya kulipia chochote nilimpeleka hospitali akapimwa presha, sukari na moyo, daktari akaruhusu. Mazoezi alifanya kwake, mimi nikafanya ya wikiendi barabara ya Bagamoyo. Tatizo la Shinyanga ni kwamba ni tambarare. Pumzi alikuwa nayo, mwinuko ndio hakuuzoea.

Wageni ambao hawajawahi kushiriki huwekwa kwenye makundi ya nyuma. Wenye kasi hutoka alfajiri, sisi tulitoka jua likiwa limeshachangamka. Hilo lina faida yake, maana hamsukumwi na watu wenye haraka. Hasara ni joto na upepo. Upepo wa kusini-mashariki wa Cape Town si wa mchezo: mwaka 2017 mashindano yalifutwa asubuhi ile ile kwa sababu watu na baiskeli zao walikuwa wakipeperushwa pale pale wanapoanzia. Mwaka 2015 safari ilikatwa ikawa kilomita 47 kutokana na moto milimani. Kwa hiyo ukienda, nenda ukijua kwamba hali ya hewa ndiyo yenye uamuzi wa mwisho.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza kabla ni jinsi wenyeji wanavyowapokea watu. Familia zinatoa viti barabarani, moto wa nyama unawaka saa tatu asubuhi, watoto wananyoosha viganja uvigonge ukipita. Baba alikuwa amevaa suruali ya kitambaa. Kaptula ya kubana aliikataa kabisa, akasema mwalimu hawezi kuonekana hivyo. Mguu wa kulia alikuwa ameufunga kwa mpira wa tyubu ili suruali isiingie kwenye cheni, kama anavyofanya nyumbani. Watu walimshangilia kwa ile suruali kuliko walivyowashangilia vijana wenye mavazi ya bei mbaya. Kila aliyempa maji, Baba alimwambia "Wabeja!" (asante), na wao wakaitikia kwa furaha bila kujua Kisukuma.

Tulipopanda kona iliyo chini ya hospitali ya Groote Schuur alinionyesha kwa kidole. "Hapo ndipo Dakta Christiaan Barnard alipopandikiza moyo wa mtu kwa mara ya kwanza duniani, Desemba 1967. Nimelifundisha hilo miaka yote, sikujua ningelipita kwa baiskeli." Akaendelea kunifundisha mishipa ya moyo hadi tukaukuta mteremko.

Kutoka Muizenberg njia inafuata bahari: Kalk Bay, Fish Hoek, halafu Simon's Town kwenye kambi kuu ya jeshi la majini. Sehemu hii ni nzuri kwa macho lakini ndipo upepo unapokupiga usoni. Tulifanya zamu, mimi nikikaa mbele kumkinga, kisha Baba akakataa kukingwa na kuja ubavuni. Baada ya Miller's Point kinaanza kilima cha Smitswinkel. Si kikali sana, ila ni kirefu, na kila ukidhani umefika kuna kona nyingine. Kwenye Phoenix Baba hushuka akasukuma, ndivyo alivyozoea. Hapa nilimwelekeza gia ndogo kabisa. Akazungusha pedeli taratibu, akaniangalia, akazungusha tena, uso wote umebadilika. "Kumbe mlima unapandwa umekaa!" Toka hapo alikuwa akibadilisha gia hata pasipo na haja, kwa kuifurahia tu.

Mkishapita lango la hifadhi ya Cape Point, njia inageuka na upepo unakuwa mgongoni. Hapo ndipo palipokuwa kiini cha siku yangu. Tunashuka kuelekea Scarborough, mawimbi ya Atlantiki upande wa kushoto, mapovu yanarushwa hadi lami inalowa, miguu haifanyi kazi kubwa. Baba akaanza kunisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuwa mwanachuo wa chuo cha ualimu cha Butimba, Mwanza. Mafuta yalikuwa hayapatikani baada ya vita vya Kagera, mabasi unayasubiri hayaji. Chuo kikifungwa alikuwa anapanda baiskeli ya kuazima na kwenda nayo hadi kwao Shinyanga, zaidi ya kilomita 150, akilala njiani kwa watu asiowajua. Alinitajia vijiji kimoja baada ya kingine. Alinieleza mama mmoja aliyempa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na maziwa ya mgando, na jinsi alivyotengeneza pancha gizani kwa kupapasa tyubu kwa mdomo ili asikie upepo unakotokea.

Nilikuwa nimempeleka Baba kwenye safari ndefu nikidhani ni yake ya kwanza. Ilikuwa ya kwanza yenye namba kifuani na maji ya bure. Nilimuuliza mbona hajawahi kutuambia. "Mlikuwa hamjauliza. Halafu nyumbani nani anakaa nawe masaa yote haya?"

Kommetjie na Noordhoek sikumbuki mengi, nilikuwa bado nawaza Butimba.

Chapman's Peak ndiyo inayopigwa picha kila mahali, na inastahili. Barabara ya kilomita 9 yenye kona 114, iliyochongwa kwenye ukuta wa mwamba kati ya mwaka 1915 na 1922, bahari iko chini kabisa ya miguu yako. Tulisimama juu kutazama ghuba ya Hout Bay. Ushauri wangu: simameni. Dakika kumi hazitawapotezea chochote. Ila kwenye mteremko wake mshike breki mapema, maana watu wanashuka kwa fujo na kona zinajificha.

Suikerbossie, kilima cha mwisho baada ya Hout Bay, ndicho kinachoamua siku yako. Jua limepanda, miguu imechoka, na lami inapanda moja kwa moja mbele ya macho. Robo yake ya mwisho tulisukuma, pamoja na umati mkubwa tu wa wengine waliokuwa wakisukuma. Baba hakuona tatizo lolote. Kwake kusukuma baiskeli ni sehemu ya kuendesha baiskeli. Kutoka kileleni ni kuteremka Llandudno, Camps Bay, Clifton, Sea Point, watu wamejaa pande zote mbili, na mstari wa mwisho uko Green Point. Tuliuvuka tukiwa bado na muda. Baba alivishwa medali, akamwomba kijana aliyemvisha anivishe na mimi ya kwangu kwa mikono miwili, kwa heshima.

Kwa upande wa maandalizi: vituo vya maji na soda vipo vya kutosha, mafundi wapo njiani, wa huduma ya kwanza unawaona mara kwa mara, na magari ya kuwabeba walioshindwa yanakuja nyuma. Chakula cha kushiba usikitegemee. Sisi tulibeba ndizi, karanga na viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi. Viazi vilitusaidia kuliko zile pakiti tamu wanazouza, ambazo Baba alionja moja akairudisha mfukoni.

Kero yangu ni ya duka la kukodisha baiskeli, si ya mashindano. Tuliomba pedeli za kawaida, tukapewa za kubana viatu maalumu. Kumpa mzee kitu hicho kwa mara ya kwanza ni kumtafutia ajali. Walibadilisha baada ya kubishana, na cheni ya Baba iliruka gia mara kadhaa njiani. Ukikodi, fika siku mbili kabla, panda baiskeli hiyo kwenye kilima halisi, badilisha gia zote, pima urefu wa siti, na usiondoke dukani mpaka uridhike. Kofia ngumu ni lazima, bila hiyo huruhusiwi kuanza.

Gharama kubwa ni nauli na malazi, ada ya kushiriki ni ndogo ukilinganisha. Mtanzania haombi viza ya kutembelea Afrika Kusini kwa siku zisizozidi 90, jambo lililomwondolea Baba usumbufu mwingi. Usajili hufunguliwa mwaka unaotangulia, jiandikisheni siku moja na muombe muwe kundi moja. Lala Sea Point au Green Point: mkimaliza, mzazi wako anatembea hadi kitandani badala ya kutafuta gari kwenye msongamano. Vyumba vya huko huisha mapema, kwa hiyo lipia chumba kabla hujanunua tiketi ya ndege.