Vidung'ata kwenye maua ya ndani: hapa Dodoma ununue dawa ipi kwanza?

Ukiona vitu vyeupe kama pamba vimejibana pale jani linapoungana na shina, usidhani ni vumbi letu la kiangazi. Hao ni vidung'ata. Wananyonya utomvu, wanaacha majani yakinata, sisimizi wanaufuata ule utamu, na mwisho majani yanafunikwa na masizi meusi. Krotoni yangu ya miaka sita ilikufa hivyo, baada ya kununua mche kwenye kitalu na kuuweka kando yake siku ileile. Tangu hapo nimejaribu karibu kila kinachouzwa mjini, na hivi ndivyo ninavyovipanga.

Anza na spiriti ya hospitali ya asilimia 70. Iko kwenye maduka ya dawa, uwe Majengo au Kisasa. Mdudu huyu amejivika nta, ndiyo maana maji matupu yanamteleza. Spiriti huiyeyusha nta hiyo na kumuua anapoguswa. Nunua na vijiti vya pamba vya masikio, kisha mguse mmoja mmoja, ukikagua chini ya majani na kwenye mikunjo yote. Jaribu kwanza kwenye jani moja na usubiri siku mbili, na ukae mbali na jiko kwa sababu inashika moto haraka. Haiachi kinga yoyote, na jike mmoja hutaga mayai mamia ndani ya ile pamba yake. Kwa hiyo rudia kila baada ya siku saba, kwa wiki nne au tano. Wengi ninaowasikia wakisema spiriti haifai waliipaka mara moja tu.

Ya pili ni sabuni ya mche, na kwa bei hakuna inayoishinda. Unakwangua kipande hadi kijae kijiko cha chai, unakiyeyusha kwenye lita moja ya maji na kunyunyizia mmea mzima kwa chupa ya kupulizia. Lakini angalia maji yako. Visima vingi vya huku vina maji chumvi, na sabuni ikikutana nayo inagandamana kuwa ukoko mweupe. Sabuni iliyoganda haiui mdudu. Nilipulizia wiki tatu nzima nikiona wadudu wanazidi, mpaka nilipotazama chini ya chupa nikaukuta ule ukoko. Kwa hiyo tikisa kwanza: povu likikatika upesi, tumia maji ya mvua uliyokinga au ya chupa. Sabuni ya unga ya kufulia iache kabisa, huunguza majani.

Mafuta ya mwarobaini nayaweka nafasi ya tatu, ingawa nayapenda. Kwa kuwa miti hii imejaa mitaani kwetu, watu huchemsha majani wakiamini yanatosha. Nguvu kubwa iko kwenye mbegu, kwa hiyo nunua mafuta yaliyokamuliwa kutoka mbegu, yenye harufu kali. Yasiyonuka yameshachujwa ile dawa yenyewe. Hayaui papo hapo. Huwazuia wachanga wasijivue gamba na kukua. Weka mililita 5 kwa lita moja pamoja na sabuni kidogo, upulizie jioni, na mchanganyiko huo uutumie wote siku hiyo. Baridi ya Julai ikiyagandisha mafuta, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, hayajaharibika.

Ya nne ni imidaklopridi, dawa ya kuua wadudu ya duka la pembejeo. Hufyonzwa na mizizi ikapanda hadi majani, kwa hiyo nainunua pale tu ninapong'oa mmea na kukuta weupe kwenye mizizi. Usiiweke chumba cha kulala, wala kwenye mrehani au mndimu. Mmea wenye maua ulioko barazani usiupe kabisa, maana inaua nyuki, na sisi wa kanda ya kati tunakula asali yao. Chukua iliyofungwa kiwandani, yenye lebo na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Iliyomiminwa kwenye chupa ya soda ikatae hata kama ni ya bure. Mtoto ataiona soda.

Dawa ya mbu ya kopo usiinunue kwa kazi hii. Huunguza majani na kuwaacha wadudu wakiwa salama chini ya nta yao.

Mmea uliojaa weupe hadi pale kila jani linapoungana na shina, mimi siununulii chochote. Nakata tawi moja safi, nalipanda upya kwenye udongo mpya, na mengine nachoma. Na mche wowote mpya unakaa wiki tatu peke yake uani, ninaupekua kila Jumamosi, ndipo uingie sebuleni.