Kusafisha meno Dodoma: lipia kazi ya chini ya fizi

Ukiulizia huduma ya kusafisha meno Dodoma mjini, jina ni moja ila kazi ni mbili. Ya kwanza ni ya dakika 15: mashine inapita juu ya meno, madoa ya chai na sigara yanatoka, unapewa kioo ujitazame. Ya pili ni ya dakika 45 hadi saa nzima, na inaingia chini ya fizi. Ya kwanza tunaipa alama 2 kati ya 5, ya pili 4. Kinachozitenganisha ni makazi ya bakteria mmoja, Fusobacterium nucleatum.

Ni mwembamba, amechongoka ncha zote mbili, na hapendi oksijeni. Kwenye ukoga wa meno yeye ndiye gundi: bakteria wanaotangulia kukaa juu ya jino na wale wakali wanaokuja baadaye hushikana kwa kumshika yeye. Kinywa chenye afya nacho kinaye, lakini kidogo. Fizi ikivimba na kuachana na jino, panabaki kimfuko kisicho na hewa, naye hustawi humo, akitoa gesi ya salfa inayonuka kama yai viza. Mswaki haufiki huko. Mashine ya dakika 15 nayo haifiki.

Akipata njia ya damu, anasafiri. Amekutwa kwenye majipu ya ubongo na ya ini, na kwenye kidole tumbo kilichovimba. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani waliripoti mtoto aliyezaliwa mfu akiwa na bakteria huyu, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye fizi za mama yake. Mwaka 2012 timu mbili, moja ya Kanada na nyingine ya Marekani, zilimkuta kwa wingi ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo mpana. Ana protini iitwayo FadA inayomwezesha kung'ang'ania seli za utumbo na kuzichochea zigawanyike. Mwaka 2017 alionekana hata kwenye saratani iliyokwisha kuhamia ini. Mwaka 2024 watafiti wa Seattle walionyesha kuwa ni kundi dogo tu la jamii yake linalotawala kwenye uvimbe wa utumbo mpana, na walilikuta katika takriban nusu ya uvimbe waliopima.

Hata hivyo, anayekuuzia kusafisha meno kama kinga ya saratani, usimpe hela yako. Hakuna jaribio lililothibitisha hilo. Kwa wajawazito lilijaribiwa jambo linalofanana na hilo: utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, wenye wanawake 823, uliona kuwa kutibu fizi kulizifanya fizi zipone, ila hakukupunguza kujifungua kabla ya wakati. Lipia kwa ajili ya fizi na meno yako. Hiyo peke yake inatosha.

Huduma inayostahili zile alama 4 huanza kwa kupima kabla ya kukwangua. Daktari anashika kijiti chembamba chenye alama za milimita, anakishusha taratibu kati ya fizi na jino, sehemu 6 kwa kila jino, huku msaidizi akiandika namba. Milimita 1 hadi 3 ni salama. Kuanzia 4, na damu ikitoka, kuna kazi. 6 na zaidi ni mfuko mzito unaohitaji ganzi na kukwangua hadi kwenye mzizi, mara nyingi robo ya mdomo kwa siku moja. Kwa hiyo ukiulizia bei, uliza kama ni ya mdomo mzima au ya robo. Na kama hakuna namba iliyoandikwa, ujue hukupimwa.

Angalia pia maji. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, sufuria zinavyoshika ukoko mweupe kila mtu anajua. Chumvi hiyohiyo huziba mirija ya mashine. Maji yakipungua, ncha inapata moto, jino linauma na mzizi unaweza kuumia. Kliniki makini hutumia maji yaliyoondolewa chumvi. Ukihisi joto wakati wa kusafishwa, inua mkono mara moja. Vifaa navyo vitolewe kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele yako.

Alama ya 5 inapotea kwenye marejeo. Bakteria hurudi mfukoni ndani ya wiki chache, kwa hiyo vipimo vilipaswa kurudiwa baada ya miezi 2 au 3. Mara nyingi mgonjwa anaambiwa tu "karibu tena". Omba tarehe kabla hujaondoka.

Ukipewa klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua vijidudu, ya asilimia 0.2, sukutua mililita 10 kwa dakika moja, mara 2 kwa siku, nusu saa baada ya kupiga mswaki, kwa sababu dawa nyingi za meno huipunguzia nguvu. Usizidishe wiki 2, itakuachia madoa ya kahawia. Usijinunulie metronidazo, ile tunayoiita flajili, kwa ajili ya harufu ya kinywa: inamuua bakteria huyu akiwa peke yake, lakini akijificha ndani ya ukoga haimfikii vizuri mpaka ukoga ukwanguliwe.

Mwenye kisukari, mjamzito, au mwenye valvu bandia ya moyo aseme kabla ya kukaa kwenye kiti; huyu wa valvu huhitaji antibayotiki kabla ya kukwanguliwa. Na taya likivimba, ukashindwa kufungua mdomo au kumeza, acha kliniki ya kusafisha meno, nenda hospitali ya rufaa siku hiyohiyo.